Dawa Tuliyokunywa Wote Isipokuwa Mmoja

Jumatatu, 4 Machi

Nimefumaniwa! Wiki nzima nimekunywa kutoka jagi la kijani kwenye friji nikidhani ni chai ya figo zangu. Leo mkamwana kanikuta na glasi mkononi. "Baba! Hiyo ni dawa yangu ya uzazi!" Nina miaka sabini na sita. Nikamwambia basi tusubiri, huenda nikamtangulia kujifungua. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akafuta macho kwa muda mrefu kuliko kicheko chenyewe.

Mwaka wa tano wa ndoa yao huu. Yeye kapimwa mara mbili, hana kasoro. Mwanangu, mwoka mikate, hajapimwa. Ana kazi, anasema.

Jumatano, 6 Machi

Nimemsindikiza kwa Bibi Mizizi, muuza mitishamba wa nyuma ya soko. Nilikwenda kubishana — vitabu vya tiba nimesoma viwili vitatu. Hakunipa nafasi. Hakugusa hata kopo moja. Aliuliza tu: analala saa ngapi, anakula nini, nani anamuudhi. (Nilitazama dari.) Na mume? Mbele ya tanuri, saa kumi kwa siku. Suruali? Za kubana. Sigara? Tukatazamana.

Akafunga daftari. Hatoi tena hata jani mpaka mume apimwe hospitali. "Mke kanywa, babu kanywa, mwenye zamu hajaonja!" Mkamwana alishanichongea.

Ijumaa, 8 Machi

Suruali za kubana zimetoweka kwenye kamba. Mimi sijui lolote. Mwanangu kaenda kazini na yangu ya kizamani, pana kama pazia. Wenzake wamemwita Waziri Mstaafu. Hasira alizorudi nazo! Lakini kupimwa — ng'o. "Baba, mimi mzima kama chuma."

Mkamwana kaingia chumbani. Kapanga nguo zake kwenye begi. Jumatano anakwenda kwa mama yake. Hajui kama atarudi.

Jumapili, 10 Machi

Jana sikuandika. Leo naandika haya tu.

Tulipofika huku ugenini, chumba kimoja na familia nyingine, pazia katikati, marehemu mke wangu alikunywa kila mzizi aliopewa na majirani. Miaka minane. Mwaka wa tatu daktari aliniambia ni mimi: mishipa ya korodani imevimba, upasuaji mdogo unatosha. Nikanyamaza miaka mitano, naye akaendelea kunywa machungu yale mbele yangu. Nilipopasuliwa nilimwambia ni ngiri. Mwaka uliofuata akazaliwa huyu wa chuma.

Kaenda kaburini akiishukuru mizizi.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemfuata mwanangu kazini. Nimemwambia yote, tumesimama kati ya tanuri na magunia. Trei nzima ikaungua.

"Mama alijua?"

"Hapana."

Akachukua koleo, akaanza kukwangua mikate iliyoungua. Hakunitazama tena.

Jumanne, 12 Machi

Leo ni siku ya mapumziko ya mwanangu. Kaoga, kavaa, kaaga: anakwenda kununua unga. Unga! Mwoka mikate! Nimebana kicheko mpaka mbavu zikauma.

Naandika dirishani. Mkamwana yuko begani kwangu, tunajifanya tunatazama mvua. Begi lake liko mlangoni. Pale njia panda, kulia ni kijiwe cha rafiki zake, kushoto ni hospitali.

Kafika. Kasimama. Kainama, anafunga kamba za viatu.

Viatu vile havina kamba.