Miguu ya Benchi

Wanangu,

Nimetoka bila kuaga. Benchi msilikalie kwanza, gundi ya sponji haijakauka. Ikikauka, wambeni kitambaa. Mkivute kuanzia katikati kwenda pembeni, kisije kikafanya makunyanzi kama uso wangu.

Kifungua mimba, nisamehe kwa kukufokea asubuhi. Uliposema, "Baba, benchi fupi hivi tutakaa magoti yakigusa kidevu," ulisema kweli. Nililipima kwa kile kijiti changu cha zamani, chenye alama ya goti la mama yenu. Viti vyote vya humu ndani nilivipima hivyo, maana hakupenda kukaa miguu ikining'inia. Mwezi wa nne huu tangu tumzike, na mkono wangu bado haujapata habari.

~~Miguu ya benchi mtu asiiguse.~~

Iongezeni. Vipande vya mbao viko nyuma ya mlango. Kila mguu uungeni kipande cha vidole vinne. Mtakaolikalia ni nyinyi.

Ila kile kijiti msikikate. Nimekirudisha kabatini, katikati ya nguo zake.

Baba yenu