Kitinda Ameachiwa, Nami Bado Naogopa

Nyumbani, nyuma ya kituo cha mafuta,
Jumatano, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu Kidoti,

Hujambo huko uliko? Mgongo umepoa, au bado wanakukamua na zamu za wodini? Shemeji je, na watoto? Sisi huku wazima wa afya. Mama anakula vizuri na kugombeza vizuri zaidi. Mimi naandikia juu ya mashine ya kushonea, kwa hiyo usinicheke kwa mwandiko huu.

Kama umesimama, kaa. Mdogo wetu Kitinda ametoka. Jana majaji wa rufaa wametengua hukumu yake. Lia kwanza, jipanguse, kisha uendelee kusoma, maana sijamaliza.

Wewe uliondoka rufaa haijapangiwa hata tarehe, kwa hiyo acha nikueleze kilichomtoa. Unakumbuka ushahidi wote ulikuwa wa yule mlinzi wa ghala lililoibiwa, aliyemgusa Kitinda bega kwenye gwaride la utambulisho akasema mwizi ni huyu. Basi kumbe kinyozi wa pale kona ya soko alikuwemo kwenye mstari ule. Polisi walimtoa barabarani tu, pamoja na wapita njia wengine, waje kujaza nafasi. Miaka yote hii amekuwa akiwachekesha wateja wake kwa kisa cha jamaa aliyesimama gwarideni ameshika suruali isimdondoke. Siku moja aliyekuwa kwenye kiti ni karani wa wakili wetu. Wanasema aliruka na povu kidevuni.

Umeelewa, Kidoti? Mahabusu huvuliwa mkanda. Wale wengine wote walitoka barabarani na mikanda yao kiunoni. Kitinda peke yake ndiye aliyekuwa ameshika suruali kwa ngumi. Hata wewe uliyemlea mgongoni ungemchagua yeye.

Kupata kinyozi aje kuyasema mahakamani, hapo ndipo nilipokonda. Mara anakuja, mara haji. Alinivuta pembeni akaniambia, "Dada, mimi duka langu lina kioo kikubwa mbele. Wakubwa wa polisi wakikasirika, jiwe moja tu." Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa kuliko yeye. Lakini alikuja, Mungu ambariki. Alisimama pale akawaonyesha majaji jinsi mtu anavyoshika suruali, na hakuna aliyecheka.

Wakili naye alikuwa amenitia hofu nyingine. Alisema majaji wakitaka wanaweza kuamuru kesi ianze upya, na Kitinda arudi ndani kuisubiri. Tangu hapo mashine ya kushonea nilikuwa naikanyaga tu, mikono ya mashati naishona nje ndani, wateja wananitazama kwa huruma.

Jana hukumu ikasomwa. Maneno marefu, mengine sikuyaelewa. Mwishoni jaji akasema mshtakiwa aachiwe huru mara moja, isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Mama akanifinya mkono, "Wamesemaje?" Baada ya lile neno "isipokuwa" masikio yaliziba. Wakili anasema hayo ni maneno yao ya kila siku, kila anayeachiwa husomewa. Sawa, lakini mtoto wa fundi viatu si naye aliachiwa hivyo hivyo? Walimkamata langoni kwa shtaka jingine kabla mama yake hajamaliza kushukuru.

Tulipotoka, langoni kulikuwa na wanaume wawili wameegemea gari. Kidoti, nilimfunika Kitinda kichwa kwa mtandio wangu, nikamsukuma kwenye teksi, nikamsukuma na Mama juu yake. Mmoja wa wale wanaume akaanza kutukimbilia, anapiga kelele. Nikamwambia dereva kanyaga mafuta! Tulipofika mbali ndipo Mama akasema yule mtu alikuwa ameshika kiatu chake yeye Mama, kilichomvuka nilipomsukuma. Mama alirudi nyumbani na kiatu kimoja, na tangu jana sijapumzishwa.

Ungedhani ningejifunza. Leo asubuhi nikamwingiza Kitinda kwenye chumba cha kushonea, nikafunga dirisha, nikatia kufuli kwa nje, ili atakayekuja aone humo hamna mtu. Nikajiona nina akili. Haikupita muda gari likasimama nje. Nikasimama nyuma ya pazia na mkasi mkononi. Sijui nilitaka kumfanya nani nini na mkasi ule. Kumbe ni mtu wa kusoma mita ya maji.

Alipoondoka, nikasikia Kitinda akiita kutoka chumbani. Hakugonga mlango wala hakulalamika. Aliongea kwa adabu, sauti ya chini, kama mtu anayeongea na askari:

"Samahani, dada. Naomba kuuliza tu. Huku huwa mnafungua saa ngapi?"

Kidoti, nilitamani ardhi inimeze. Ufunguo ulinidondoka mara mbili kabla haujaingia. Nilipofungua nilimkuta amesimama kando ya mlango, mikono nyuma, ananisubiri nimwambie pa kwenda. Nikamkumbatia nikalia nikamwomba msamaha. Akaniambia, "Usilie, nimezoea." Hilo ndilo lililonimaliza kabisa.

Sasa amekaa kwenye kizingiti cha mbele, juani, kila apitaye anamwona. Nakuandikia nikiwa kwenye mashine, naona mgongo wake. Kila gari likipunguza mwendo nataka kumwita aingie. Sijamwita. Lile kufuli nimempa Mama akalitupe, na nimemwambia asinionyeshe alikolitupa.

Mama anakusalimu sana, anasema usimsahau kwa viatu. Kinyozi naye, ingawa hamjuani, ameomba nikuambie kioo chake bado kizima. Mpe shemeji salamu, uwabusu watoto, uwaambie mjomba wao yuko nyumbani. Kitinda amekataa kuongeza neno hapa. Anasema atakuandikia mwenyewe akijua la kusema.

Mungu akulinde huko ugenini. Na amlinde huyu aliyekaa mlangoni, maana mimi sijui kumlinda bila kumfungia.

Wako akupendaye na mwoga kuliko wote,
Dada Mkubwa