Kauli ya Shimo

Aargau, Oktoba 9, 2022

Kaka yangu Meinrad,

Nakusalimu kwa mapenzi ya tumbo moja. Salamu zangu zimfikie pia Lydia, maana ndiye macho yako sasa, na barua hii ataiona yeye kabla ya wewe kuisikia. Lydia, binti yangu, msomee baba yako polepole, na usiruke mstari hata ukiona ni mzito.

Hali yako ikoje? Katika barua ya Krismasi mlisema daktari wa huko Kanada amekata tamaa na jicho la kulia, na la kushoto linaona mwanga tu. Niliposoma hayo niliiweka barua mezani nikatoka nje bila koti. Je, bado unaweza kufika zizini kwa kuhesabu hatua, kama mlivyoeleza? Na wale ng'ombe wanakujua kwa sauti? Nakuuliza hivi kwa sababu usiku wa kuamkia leo nilikuota ukikamua huku umefumba macho, ukiimba vibaya kama ulivyokuwa ukiimba.

Mimi ni mzima, ila goti linanitabiria mvua kuliko redio. Tangu tumzike mke wangu Klara mwezi wa pili nimehama bonde letu la Muota. Monika alishika kiuno akasema hawezi kila Jumapili kupanda milima kuja kunitazama kama nimekufa, akanitafutia vyumba viwili karibu na kwake huku tambarare. Huku milima ipo mbali, tena siku za ukungu haipo kabisa. Watu ni wema lakini wana haraka. Jirani yangu wa juu nimemsalimu miezi mitano na bado ananiita bwana wa ghorofa ya kwanza.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa sita nilikuwa naanika mashati, nikasikia milio ya bunduki kutoka kwenye kilima cha jirani, ule mlio mkavu wa shabaha ya mita mia tatu, mmoja mmoja, bila haraka. Nilisimama na shati la maji mkononi mpaka likanilowesha viatu. Monika akanikuta hivyo. Aliniambia, "Baba, ama utafute watu wako ama ununue mbwa. Kukaa hivi hukai." Mbwa simtaki, atanililia nikifa. Nikaanza kutafuta chama cha kulenga shabaha.

Unajua sijawahi kutafuta chama maishani mwangu. Kwetu ulizaliwa nacho, kama ubatizo. Huku nilianza na kile kilicho chini ya duka la samani. Vijana wa pale wana bunduki ndogo za rangi rangi na masikio wameyaziba kwa vitu vinavyowaimbia muziki. Wakaniuliza kama nimeweka nafasi kwa simu. Nikasema simu yangu ni ya kupokelea tu. Walicheka, lakini walinipa kahawa. Chama cha pili kina orodha ya wanaosubiri, na mtu wa mlangoni alipofungua begi langu akaiona bunduki ya Baba, akaniambia kwa heshima zote, "Babu, hii ipelekeni makumbusho." Nikaifunga tena nikaondoka. Ningekuwa na miaka ishirini ningemjibu.

Cha tatu ndicho kile cha kilimani. Nilipanda kwa miguu, nikikaa kila benchi. Nilipofika nikakuta harufu zetu zote, ya mafuta ya bunduki, ya soseji juu ya makaa na ya viatu vilivyolowa, na wazee wanne wakibishana kuhusu upepo. Nakwambia nilitaka kulia. Mwenyekiti wao ni mwanamke, Ottilia, mkunga mstaafu, mrefu kama mlango wa kanisa, na sauti yake haihitaji kengele. Alinikatia soseji na mkate kabla hajaniuliza jina. Kisha akaniruhusu nipige risasi tano. Macho yangu si ya jana, lakini tatu ziliingia kwenye jeusi, lile duara la katikati, na wazee wakaacha kubishana.

Siku hizi, kaka, hakuna mtu shimoni chini ya shabaha wa kuonyesha risasi ilikoingia. Shabaha zao ni za umeme. Unapiga, na papo hapo kioo kilicho pembeni yako kinakuonyesha risasi imeingia wapi. Ottilia alinipeleka akanionyesha shimo lao la zamani, sasa wanahifadhia viazi. Nilipoona ile reli ya kushushia shabaha, na ndoano ya simu bado iko ukutani, nikakaa juu ya gunia. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia kwamba nilianzia huko, kwamba nilikaa shimoni miaka saba nikiwaonyesha wenzangu walikopiga. Akanipiga begani akasema, "Basi wewe ni mtu wa kuaminika, Xaver. Shimoni hakuwekwa mtu hivi hivi."

Akanipa fomu. Jina, mwaka wa kuzaliwa, namba ya bunduki, hayo nimejaza. Chini kabisa kuna mstari mmoja wa kanuni yao ya zamani ambayo hawajaifuta. Mtu aliyewahi kulenga shabaha pamoja na mwombaji katika chama chake cha kwanza aandike kwa mkono wake kwamba neno la mtu huyu linaaminika, kisha atie sahihi. Nikamwambia chama chetu kilivunjwa, kibandani kwetu sasa wanalala ndama. Nikawahesabu mbele yake. Domini amekufa, Alois amekufa, wale ndugu wawili wa kinu wamekufa, Baba yuko kaburini tangu mwaka sabini na tisa. Akasema hata mmoja anatosha. Nikasema yupo mmoja, kaka yangu, ila yuko Kanada. Akafurahi. Akasema hakuna shahidi bora kuliko kaka.

Kwa hiyo nilipoanza barua hii, mwezi uliopita, ilikuwa ya ukurasa mmoja tu, ya kukuomba umwambie Lydia aandike kwa niaba yako, nawe utie sahihi pale atakapokuwekea kidole. Niliiandika mara tatu. Kila nilipofika kwenye maneno hayo, neno la mtu huyu linaaminika, kalamu ilikataa. Tena barua yako ya Krismasi iko hapa mbele yangu. Unakumbuka uliniomba nini mwishoni? Uliniomba niwashe mshumaa kwenye kaburi la Baba, nimwombee radhi kwa niaba yako, kwa sababu siku ile ulisema shimo lina uongo. Ulisema sasa umekuwa mzee na umekubali kwamba pengine ulikosa, kwamba kijana mwenye kiburi huona anachotaka kukiona. Mshumaa nilinunua. Sikuuwasha. Nilirudi nao nyumbani, uko kabatini pamoja na bunduki.

Mficha uchi hazai, kaka. Acha nikueleze ile Jumapili ya Juni mwaka sitini na nane, maana wewe uliijua kutoka juu tu, kwenye mikeka wanakolala wapigaji. Ya chini hukuwahi kuambiwa.

Asubuhi ile tulikunywa maziwa jikoni. Wewe ulikuwa na miaka ishirini na miwili na nishani mbili za shada kwenye kofia, ukienda kutafuta ya tatu. Mimi nilikuwa na kumi na sita, umri wa kupiga sijafikisha, wangu ulikuwa ni wa shimoni. Ulinipaka povu la maziwa puani ukasema, "Fuko, leo usisinzie huko chini. Utaona watu wanavyopiga." Ulikuwa utani. Ulinitania hivyo kila wiki. Lakini siku ile Baba alicheka, yeye ambaye mimi sikuwahi kumchekesha hata mara moja, na aliendelea kucheka mpaka akafuta macho. Na kwenye ndoano nyuma yake ilining'inia bunduki yake, ambayo sote tulijua itakuwa ya nani nishani ya tatu ikija. Hicho ndicho kilichonikaa. Nimetafuta miaka yote sababu kubwa zaidi ya hiyo, sijaipata.

Shabaha ya nne ilikuwa yangu peke yangu. Domini alikuwa kwenye ya tatu, na masikio yake mazito unayakumbuka. Simu ya shimoni ikalia, sauti ikasema sasa ni Meinrad. Nikabandika karatasi mpya, kama desturi kwa wanaowania nishani. Ulipiga ya kwanza. Nikaishusha, nikaziba tundu kwa kiraka cheusi, nikaipandisha, nikakuonyesha kwa kibao cha duara. Ya pili hivyo hivyo. Mpaka ya tisa, viraka tisa vyeusi, hakuna hata kimoja cheupe, maana hukutoka nje ya jeusi hata mara moja.

Ya kumi ilipita juu ya kichwa changu ikaguna kama zile nyingine. Nikaishusha shabaha. Tundu lilikuwa pale, kaka. Lilikuwa karibu na katikati, safi, upana wa kucha yangu ndogo. Nililitazama. Nikachovya kiraka kwenye gundi, nikaliziba, nikaisukuma shabaha juu. Kisha nikachukua kile kibao chekundu nikakipunga kushoto na kulia. Sifuri.

Simu ililia upesi. Alikuwa Baba mwenyewe. Aliuliza, "Xaver, una hakika?" Nikasema, "Ndiyo, Baba. Sifuri." Angetuma mtu ashuke kuhesabu viraka, yangeisha pale pale, na ningepigwa, na leo tungekuwa tunacheka. Lakini kwetu shimo halikaguliwi. Hivyo ndivyo alivyotulea, kwamba kauli ya shimo ndiyo kauli, maana aliye chini hana faida na anayelala juu. Nilikuwa naijua imani yake hiyo, na humo ndimo nilimojificha.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Ulisema shimo lina uongo, mbele ya chama kizima. Baba, akiwa mwenyekiti, akakutaka uombe radhi. Ukakataa. Akakwambia kwamba nyumba yake haina waongo wawili, wala mmoja. Mwezi wa tisa ulipanda treni na sanduku la Mama, na mimi ndiye niliyekubebea mpaka stesheni. Ulinibusu utosini ukaniambia nisijilaumu, kwamba mimi nilionyesha tu nilichokiona. Maneno hayo, Meinrad, nimelala nayo kila usiku wa ndoa yangu, na Klara amekufa hajui nilikuwa nageuka geuka kwa nini.

Bado kuna jingine, na hili ndilo baya zaidi. Baba alipokuwa anakufa, alinishika mkono. Mama alikuwa amekwenda kuchota maji. Akasema, "Xaver, ile ya kumi." Hakusema ya nani, hakukuwa na haja. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, bunduki yake ilikuwa tayari ni yangu, na nishani nne juu yake. Nikamwambia sifuri. Akasema basi sawa, akageukia ukutani. Nadhani alikuwa anatafuta ruhusa ya kukuita, nami nikamnyima. Angekuita, kaka. Naamini ungekuja.

Karatasi ya shabaha jioni ile ilipaswa kuchomwa pamoja na nyingine. Yako niliikunja nikaiweka tumboni chini ya shati, nikaificha darini nyuma ya boriti. Sijui nilikuwa namfichia nani. Monika alipokuwa anafungasha vitu vyangu mwezi wa tatu aliishika akauliza kama ni takataka. Nikamnyang'anya kwa ukali mpaka akashangaa.

Kwa hiyo sikuombi tena ushahidi. Fomu nimeirudisha kwa Ottilia, na ule mstari wa chini nimeuacha mtupu. Aliponiuliza sababu nilimweleza yote, amesimama na koleo la soseji mkononi. Hakunifukuza. Alisema nikitaka niwe napanda Jumamosi kusaidia jikoni. Nimekwenda mara mbili, namenya viazi. Bunduki ya Baba ni yako, mwanao yeyote akija ataikuta imepakwa mafuta. Wala sikuombi unisamehe kwa barua. Ukinyamaza nitaelewa, na kama utakachonitumia ni matusi, Lydia ayaandike vile vile, asiyapunguze.

Lydia, binti yangu, ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine imekunjwa mara nne. Ifungue taratibu, imezeeka. Mtandazie baba yako mapajani, umshike mkono wa kulia, umwongoze mpaka katikati ya lile duara. Gundi ilikuwa ya unga na imekuwa ngumu, kwa hiyo viraka vinasikika kwa kidole. Akikuuliza rangi, mwambie vyote ni vyeusi. Usimhesabie. Mwache ahesabu mwenyewe.

Wasalimie wajukuu wote, hata wasionijua. Kaka, vaa soksi nzito, baridi ya huko nasikia haina adabu. Mshumaa nitauwasha Jumapili ijayo nikienda nyumbani, na radhi nitakayomwomba Baba si yako.

Ni mimi mdogo wako,
Xaver, fuko wenu