Kaye ya Saba ya Kapiteni Radi

Misiera, Nakivale

Yaya Nyota, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia mu jina ya Bwana. Miguu inaendeleaje? Mihogo ilitoka muzuri? Mimi mwili ni muzima, lakini roho haikae.

Unakumbuka hadisi za Kapiteni Radi, yule mupelelezi, zenye Mwalimu Elia alikuwa anaandika mu kaye, zile daftari za shule? Huku batu banazisoma kwa kinyozi, mumoja anasoma, wengine banasikiliza. Mwalimu alikufa akiacha kaye sita, na Radi amefungiwa mu pipa. Batu balilia! Mimi ndugu yako, mwenye niliua kiboko na jembe, nikakamata bic nikamutoa mule pipa. Ile njo kaye ya saba. Lakini nilijua bakisikia ni yangu batacheka. Nikasema tuliikuta mu sanduku ya marehemu.

Baliipenda kupita zile sita! Na mimi nikanyamaza. Mimi, yaya, fikiria!

Sasa, mule niliingiza Radi mu kambi ya jeshi, ya basoda, kule Mbarara. Sijafika hiyo fasi hata siku moja. Nilibuni tu: stoo ya bunduki nyuma ya jiko, mulango wa bati. Kumbe ni vile vile! Juzi afande mumoja alikuja kunyoa, akasikia banasoma. Akasimama na povu ku kidevu.

"Hii ni stoo yetu! Nani iliandika hii?"

"Marehemu Mwalimu," kinyozi akajibu.

"Bibi yake iko wapi?"

Yaya, Mama Furaha, mujane wa Mwalimu, anangojea jibu ya dosye yake ya kuhamia Kanada. Bwana yake akiitwa mupelelezi, safari imekufa. Nikasema, "Afande, ni mimi."

Kinyozi akacheka mpaka akaachilia kitana. "Huyu? Huyu anadanganya hata ukimuuliza jina!"

Afande akaniangalia. "Muzee, wewe ilisoma mpaka wapi?"

"Ya tatu, primaire, shule ya musingi."

"Basi hapana weza. Jumatatu kuja Mbarara. Utaandika ingine mbele ya mukubwa. Ukishindwa, tunaita huyu mama."

Jumatatu ni kesho. Nitapandia gari Rwekubo asubuhi. Tangu tutoke ibada niko na bic mu mukono, mistari ni mine tu. Uongo wa mudomo unakujaka wenyewe; huu wa mukono unakataa ukijua batu batakuangalia.

Salimia shemeji, na watoto wa marehemu kaka yetu. Mama muzee usimwambie neno. Barua hii nakutumia picha yake ku simu leo usiku; kesho saa tatu, nikiwa mbele ya mukubwa, mupige magoti. Mu ile mistari mine Radi anasimama ku ule mulango wa bati, na mimi sijui anafanya nini.

Ni mimi mjomba wa watoto wako,
Zabuloni