Hodi Katika Chumba cha Malkia

Nyumbani kwa mwanangu,
Ghorofa ya tatu, nyuma ya kituo cha treni.
Jumapili, 14 Aprili.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu. Je, mgongo wako unaendeleaje? Na binti yako yu hali gani katika miezi hii ya mwisho ya ujauzito? Mimi ni mzima, ila magoti yanalalamikia baridi. Mwanangu na mkewe wananitunza vizuri. Kosa lao ni kunilisha kana kwamba nitachinjwa.

Jana mjukuu wangu alinipeleka kutazama majumba ya wafalme wa zamani na bustani ya mimea iliyo karibu nayo. Kama ujuavyo, safari hii ilipangwa kwa ajili ya wifi yako. Ni yeye aliyetamani kuiona bustani hiyo tangu tulipotumiwa picha. Mimi nilikuwa msindikizaji tu. Mjukuu alivaa sweta ambayo mama yake alimfumia bibi kabla msiba haujatufika.

Jumba la kwanza lina kumbi ndefu, sakafu za mbao zinazong'aa, na vioo vikubwa vilivyonionyesha mzee yuleyule aliyechoka kila nilikogeukia. Tulipofika kwenye chumba cha malkia, mlango ulikuwa wazi, nami kwa mazoea nikasimama kizingitini nikapiga hodi. Mlinzi alinitazama kama mtu aliyepungukiwa na akili.

"Babu, umemkosa," mjukuu akaninong'oneza. "Ameondoka zamani sana."

"Hata kama hayupo, chumba ni chake."

"Haya, mume wangu. Subiri basi akukaribishe."

Tulicheka mpaka mlinzi naye akatabasamu. Kisha nikatazama ndani, kicheko kikanikauka. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, kitana kiko mezani, viatu viko chini ya kiti, na kamba nyekundu imezuia watu wasiingie. Mjukuu alinisomea maelezo ya ukutani: kila kitu kimebaki kama alivyokiacha mwenyewe. Ndani mlinuka vumbi na dawa ya nondo. Mdogo wangu, nilikijua chumba kile. Ndicho nilichokifunga nyumbani baada ya mazishi, nikatia ufunguo mfukoni.

Bustanini, ndani ya nyumba ya vioo iliyotiwa joto kama la kwetu, tulikuta asumini. Kibao kilikataza kuigusa. Unamjua wifi yako: angekwisha kuvunja kijitawi, akakiviringisha katika kitambaa kibichi na kukificha mkobani, huku akinituma mimi nikamwulize mlinzi saa. Maua mengi ya uani kwetu aliyapata kwa njia hiyo, na maua mengi ya majirani yalitoka kwake. Hakuwa mtu wa kuweka kitu kisiguswe. Niliketi kwenye benchi, na mjukuu akanipa leso yake bila kuuliza.

Kabla sijasafiri uliniomba chumba hicho cha wifi yako kwa ajili ya binti yako na mtoto atakayezaliwa, nami sikukujibu. Jibu langu ni hili: wakae humo. Ufunguo ninao huku, na mtoto hatangoja nirudi, kwa hiyo mwite seremala ang'oe kitasa. Fungueni madirisha. Kanga zake wagawieni ndugu zake na majirani. Mto wake tu niwekee.

Nisalimie shemeji, binti yako, na jirani yetu fundi cherehani. Mwenyezi Mungu awape afya, na amjalie binti yetu kujifungua salama.

Neno moja limebaki. Seremala akimaliza kazi yake, usiingie moja kwa moja. Simama mlangoni, piga hodi, ungoje kidogo. Kisha ingia.

Nduguyo akupendaye,
Kaka Mkubwa