Daftari Linasema Yupo

Guangzhou, 14 Novemba 2006

Shangazi,

Shikamoo. Majani ya chai uliyotutumia yamefika salama, na bweni zima linanukia Tukuyu. Baridi imeanza. Blanketi la mwanao Godson nimelifua na kulikunja.

Uliuliza mbona haandiki, nikakujibu ana mitihani. Nisamehe, nilikudanganya. Wiki tatu zilizopita alikwenda Tianxiu, kwenye jengo la wafanyabiashara wetu, kumtafsiria Mkenya mmoja mnunuzi wa nguo. Hajarudi, na simu yake haipatikani.

Chuo chetu ni kidogo, na Waafrika darasani ni sisi wawili tu. Siku zote mmoja akienda kutafsiri, mwenzake humwitikia jina, wasije wakamfutia ufadhili. Mwalimu huita bila kuinua macho. Nilidhani Godson atarudi kesho yake, basi nikamwitikia, na kesho yake tena, mpaka jana.

Jana nilikwenda ofisini kusema amepotea. Karani akafungua daftari: Godson hajakosa hata siku moja. Nikakiri kosa langu, akacheka, akaniambia nirudi darasani nisimtanie. Na polisi hawanisikilizi bila barua ya chuo.

Leo asubuhi jina lake lilipoitwa nilinyamaza. Mwalimu akainua macho, akanitazama usoni, akasema, "Godson, mbona huitikii?" Kisha akaandika yupo.

Shangazi, nitumie picha yake upesi, inayoonyesha uso vizuri.

Ni mimi mwanao,
Lusajo