Nilikuambia Wewe Peke Yako

Baba Soumaya,

Maharagwe yako kwenye sufuria. Kitunguu sikukaanga, harufu yake inanitapisha tangu juzi. Mutoto umpokee shuleni, usichelewe.

Asubuhi nilienda mutaa wa Asiatique kununua sabuni. Dada yako Fatouma akanikumbatia dukani mbele ya watu wote: "Hongera wifi! Safari hii utatuletea mwanaume!" Nilisimama pale kama mutu aliyevuliwa nguo. Nilikuambia wewe peke yako, tena kwa kunong'ona. Ile mimba ya mwaka jana ilitoka watu wameshapongeza, na ni mimi niliyezunguka kuwaambia haipo tena. Wewe ulikuwa kazini.

Niliporudi nikaona damu kidogo. Nimempigia muganga. Anasema siku za mwanzo inaweza kutokea, nipumzike, ikizidi niende haraka. Kwa hiyo nitakuwa kwa dada yangu, kule mutaa wa Kinanira. Hapa nitapumzika vipi, na dada zako wote watakuja kunipima tumbo kwa macho?

~~Usinifuate.~~

Apana, njoo jioni. Nimekasirika sana, lakini naogopa, na sina mwingine niliyezoea kumwambia.

Mama Soumaya